Usiku ule niliona aibu kupiga simu

Sisi huku Leeds hatujambo, ni baridi tu inayotukumbusha kila asubuhi kwamba hapa si kwetu.

Leo nina jambo ambalo nimelikalia muda mrefu. Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua), ambaye ndiyo mimba yake ya kwanza, aliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jamani, nina wiki 30, tangu jana tumbo linakaza linaachia, linakaza linaachia, ni kawaida?" Majibu yakaja kama mvua. Mmoja akasema mtoto anajinyoosha. Mwingine akasema ndiyo kwanza unaanza, utazoea. Shangazi akafunga mjadala: "Vumilia mwanangu, uzazi ni kuvumilia."

Nilisoma majibu hayo nikiwa kwenye basi natoka kazini. Nikashuka kituo ambacho si changu, nikampigia palepale barabarani, nikamwambia aende hospitali leo, siyo kesho. Alikwenda, akapimwa, akaambiwa yuko salama na mtoto yuko salama. Ndipo mkaanza kunicheka kwamba huyu sasa amekuwa Mzungu, kila kitu hospitali. Haya, mmecheka, nami nimecheka pamoja nanyi. Sasa kaeni vizuri niwaambie kwa nini nilishuka kwenye lile basi.

Mtakumbuka kwamba Novemba 2024 nilipotea karibu wiki nzima. Nilimwambia Mama kwamba simu imeharibika. Mama nisamehe, simu haikuwa imeharibika.

Kazi yangu mnaijua. Wapo wanaodhani huku tunaokota pauni barabarani, lakini mimi nabeba boksi kama wenzangu wote, ila boksi langu ni wazee. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshapunguziwa kazi za kunyanyua kwa sababu ya ujauzito, lakini kusimama ni kusimama. Jumanne hiyo, tarehe 12, tangu mchana nilisikia tumbo linakuwa gumu kama nazi, kisha linalegea. Nikasema ah, haya nayajua, niliyapata hata kwa kaka mtu. Ni mikazo ya majaribio, wengine huiita uchungu wa uongo. Mji wa mimba unajifanyia mazoezi. Wazungu wameipa jina la daktari mmoja Mwingereza, John Braxton Hicks, aliyeieleza mwaka 1872, kana kwamba kabla yake wanawake hawakuwa na matumbo.

Nilifika nyumbani, nikanywa maji mengi, nikajilaza ubavu wa kushoto. Mikazo ya majaribio huwa haina mpangilio, na mara nyingi ukinywa maji au ukibadilisha mkao inatulia. Yangu haikutulia. Kufika saa sita usiku ilikuwa inakuja kila baada ya dakika nane hivi, na kiuno kwa nyuma kinauma kama siku za mwezini. Nilikuwa na wiki 31 na siku sita. Mtoto anahesabiwa ametimia kuanzia wiki ya 37, kwa hiyo nilikuwa bado na wiki tano na zaidi za kufika hapo.

Sasa nisikilizeni. Kwenye kadi yangu ya kliniki kulikuwa na namba ya wakunga, inapokelewa saa ishirini na nne, tena mkunga wangu alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga. Nilikaa pembeni mwa kitanda na ile namba kwa zaidi ya saa moja na nusu!

Mnataka kujua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza: nikipiga watasema huyu mwanamke ameshazaa, inakuwaje hajui? Watasema hawa wageni wanapenda kusumbua. Nikimwamsha mwenzangu, ana shifti ya alfajiri. Nikienda na ikawa si kitu, nitarudi na aibu yangu na hela ya teksi imekwenda. Na mtoto mkubwa, aliyekuwa na miaka minne, nitamwachia nani? Nyumbani ningegonga ukuta tu, jirani angeamka. Huku majirani wengine mwaka unaisha mnaishia kupungiana mikono.

Saa nane usiku nikafungua WhatsApp, nikaona Mama yuko hewani. Kwenu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ameamka kuswali. Nikaandika "Mama". Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Sikufuta kwa sababu ya Mama. Nilifuta kwa sababu ya Dada.

Wengi mnajua, ingawa huwa hatulisemi. Mwaka 2011 Dada alijifungua mtoto wa kiume, mimba ya miezi saba. Aliishi saa chache. Mama ndiye aliyemkunja kwenye kanga. Watu wakasema haikuwa riziki, chai ikanywewa, mambo yakaisha. Mimi nilikuwa msichana, nilikatazwa hata kuuliza. Sasa ningeanzaje kumwambia Mama kwamba na huku kwangu tumbo linakaza kabla ya wakati?

Kilichoniamua ni choo. Nilikwenda msalani nikaona ute wenye michirizi ya damu. Hapo aibu ikanitoka yote, nikapiga.

Mkunga aliyepokea hakuonyesha hata chembe ya kusumbuliwa. Aliniuliza maswali mafupi mafupi: Wiki ngapi? Mikazo inakuja baada ya dakika ngapi? Maji yamemwagika? Kuna damu? Mtoto anacheza kama kawaida? Mkojo unauma? Nilipokuwa najibu, mkazo mwingine ukaja nikanyamaza. Akasubiri. Kisha akasema, njoo sasa hivi, usisubiri kupambazuke.

Nikamwamsha baba mtoto. Tatizo la kijana wetu likabaki palepale. Nikamkumbuka mama mmoja wa mlango wa tatu, Mkongo wa Bukavu, ambaye tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili kila tukikutana dukani. Mwenzangu akaenda kugonga saa nane na nusu usiku. Mama yule alikuja na kitenge chake kiunoni kama vile alikuwa amekaa tu akingoja kuitwa. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Enda tu, mama. Mutoto ni wetu." Sentensi hiyo sitaisahau. Mpaka leo tukipika pilau sahani ya kwanza inakwenda mlango wa tatu.

Hospitali walinilaza, wakanifunga mikanda miwili tumboni. Mmoja unasikiliza moyo wa mtoto, mwingine unapima mikazo, na mashine inachora yote kwenye karatasi ndefu. Mkunga akaniuliza, kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Nikasema tatu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, mkazo ukaja nikauma meno nikatazama dari. Ulipopita akasema kwa upole, "Karatasi hii haikubaliani na wewe." Nikacheka, halafu nikalia. Jamani, sisi tumefundishwa! Mwanamke anayepiga kelele leba anasimuliwa mtaa mzima. Hata nilipoulizwa na mtu ambaye kazi yake ni kunisaidia, bado nilikuwa nataka nionekane najua kuvumilia. Nikamwambia ukweli: saba.

Wakapima mkojo, wakakuta nina maambukizi ya njia ya mkojo. Hilo mlishike akina dada, maana maambukizi hayo yanaweza kuchochea mikazo kabla ya wakati, na mjamzito anaweza kuwa nayo hata bila kuhisi kuungua akikojoa. Mimi sikuhisi chochote. Kisha wakachukua kipimo cha ute karibu na mlango wa kizazi, wanatafuta protini fulani ambayo ikiwa kidogo wanaweza kukuambia kwa uhakika mkubwa kwamba hutajifungua siku za karibuni. Yangu ilikuwa nyingi. Daktari akanieleza kwamba haina maana lazima nijifungue, ina maana hawawezi kuniahidi kwamba sitajifungua. Basi wakaanza kujiandaa, na mimi nikaanza kuogopa vizuri.

Nilipewa dawa za kuua vijidudu, na vidonge vya kulegeza mji wa mimba. Vidonge vyenyewe ni dawa ya presha, wala msishangae. Daktari hakunificha, alisema vidonge hivi havizuii uchungu moja kwa moja, vinatununulia muda tu. Nikamuuliza, muda wa nini? Akasema, wa sindano.

Sindano yenyewe ni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Unachomwa mama, dawa inapita kwenye kondo inamfikia mtoto. Nilichomwa ya kwanza pajani alfajiri ile, na ya pili baada ya saa 24. Baadaye, nilivyo na udadisi, nilisoma ilikotoka. Daktari mmoja wa New Zealand anaitwa Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo, akaona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupata dawa ya aina hii wanapumua kuliko alivyotegemea. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa akina mama hospitalini Auckland, wakachapisha matokeo yao mwaka 1972. Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangladesh, India, Nigeria, Pakistan na hapo jirani Kenya, ukaonyesha kwamba dawa ya jamii hiyo, ikitolewa kwenye hospitali zenye uwezo wa kuhudumia watoto njiti, inapunguza vifo vyao. Wala si dawa ya bei mbaya.

Lakini sindano hiyo inataka muda. Inaanza kusaidia mapema, ila faida yake kubwa inaonekana mtoto akizaliwa baada ya saa 24 na kuendelea, ndani ya siku saba. Nilipoelewa hilo nilihesabu kwa vidole saa zangu nilizokaa pembeni mwa kitanda na simu mkononi. Uvumilivu wangu ulikuwa unakula saa za mapafu ya mwanangu.

Siku ya pili daktari wa watoto akaja kunieleza nini kitatokea mtoto akizaliwa, na jioni wakanisukuma kwa kiti kwenda kuiona wodi ya watoto njiti, ili nikifika na mwanangu isinishtue. Niliona watoto wadogo kama mkate wa boflo, mipira puani, na mama mmoja amemweka wake kifuani ngozi kwa ngozi, amefunikwa shuka, wamelala wote wawili. Nikamuuliza yule daktari swali la Bibi. Mnamkumbuka Bibi alivyokuwa akisema, wa miezi saba anaishi, wa miezi minane haishi? Mimi kwa hesabu ya nyumbani nilikuwa nimeshaingia wa nane. Daktari alitabasamu, akasema ameshalisikia kwa akina mama wa nchi nyingi, na si kweli. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni inamwongezea nguvu, wa nane ana nafasi nzuri kuliko wa saba. Bibi, pumzika kwa amani, hilo moja tulitoe kwenye orodha.

Usiku wa siku hiyo ndipo nilipompigia Dada. Sikupanga, vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipomwamkia tu akajua. Akaniuliza, "Uko wapi?" Nikasema hospitali. "Wiki ngapi?" Nikasema 32 kasoro. Nikasubiri alie, au akate simu. Badala yake akaniuliza maswali yaleyale ya mkunga, moja baada ya jingine. Tumbo linakuwa gumu lote au upande? Kiuno je? Mtoto anacheza? Wamekuchoma sindano?

Nikamwambia wamenichoma, ya pili leo alfajiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilikaa nayo siku mbili, mdogo wangu. Siku mbili nafua, napika, tumbo linakaza. Niliona aibu kumwamsha mtu. Nilidhani nikisema nitaonekana sijui kuvumilia. Nilipofika hospitali mtoto alikuwa anakuja, hapakuwa na muda wa sindano wala wa nini."

Miaka kumi na mitatu, wapendwa! Miaka yote hiyo tulikuwa tunanyamaza tukidhani tunamhifadhi Dada, kumbe yeye ndiye pekee katika ukoo mzima aliyekuwa anajua nilichopaswa kukijua usiku ule. Ningempigia yeye saa sita, angeniambia piga simu sasa hivi.

Yeye ndiye aliyemwambia Mama, tena kwa utaratibu wake. Mama aliponipigia neno la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, miezi minane?" Nikamwambia Mama, Bibi alikosea. Tukacheka huku tunalia.

Siku ya tatu mikazo ikaanza kupungua. Siku ya tano nikaruhusiwa, nikaambiwa kazi basi, na kwamba nikiona dalili yoyote nirudi hata kama ni mara kumi. Na kweli nilirudi. Nikiwa na wiki 34 nilirudi saa tisa usiku, wakanipima, haikuwa kitu, nikarudishwa nyumbani. Safari hii sikuona aibu. Mkunga alisema maneno ambayo ningependa yabandikwe kila zahanati: ni afadhali nikuone mara tano bila sababu kuliko nisikuone mara moja yenye sababu.

Binti alizaliwa tarehe 14 Desemba 2024, wiki 36 na siku mbili, kilo mbili na gramu mia nne. Bado alikuwa wa kabla ya wakati, ila alilia mwenyewe bila kusaidiwa. Alipata manjano, akalazwa chini ya mwanga wa bluu, na kunyonya kulimchosha mpaka nilikuwa nakamua maziwa namlisha kidogo kidogo. Tulikaa siku tano. Dada alikuwa ananipigia kila asubuhi na amri moja, "Muweke kifuani." Nilimuweka. Hilo nalo si la kubuni: mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, yakaonyesha kwamba mtoto mwenye uzito mdogo sana akiwekwa kifuani ngozi kwa ngozi mapema, bila kungoja kwanza apate nguvu, nafasi yake ya kuishi inaongezeka. Leo huyo binti anatembea, na wiki hii amemwaga mchele kilo nzima sebuleni.

Basi mdogo wangu uliyeuliza, na wengine mtakaouliza, hizi ndizo dalili. Kabla ya wiki 37, ukiona tumbo linakaza kwa mpangilio na haliachi ukipumzika, au kiuno kinauma kinarudi kinauma, au unasikia uzito unasukuma chini, nenda hospitali. Maji yakitoka hata kidogo, ukiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda upesi, usikae kusubiri mkazo. Ikiwa si kitu, utarudi ukanywa chai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Kwa ukoo wetu ulivyo mkubwa, kuna wengine wanakuja.

Na wewe Shangazi, nakuheshimu na unajua. Uzazi ni kuvumilia kweli, lakini kuna wakati wake. Mwenye wiki 30 akiuliza, tumwambie amwamshe mtu.

Dada amesoma haya yote kabla sijayaweka hapa. Nilimuuliza kama nitoe sehemu yake. Akanijibu, "Iache. Na andika kwamba alikuwa wa kiume, na alikuwa na nywele nyingi."

Basi nimeandika. Msalimieni wote, na Mama mwambieni simu yangu ni nzima.